Makofi ya Mujomba

Bon, nitawaambia mwenyewe, kwa sababu najua mmeshaisikia, na mmeisikia vibaya. Hapa mtaani kwetu Manika kila mtu anaisimulia na chumvi yake, wa mwisho alisema eti nilivalishwa shela, mi, mwanaume mzima na tumbo langu hili, shela! Hapana. Shela haikuwepo. Lakini ni kweli kwamba nikipita sokoni vijana wa taxi-moto wanapiga honi wakiita, "Bibi-arusi! Panda nikufikishe kwa bwana yako!", na ni kweli kwamba siku ile niliona haya mpaka nikaomba ardhi ipasuke inimeze, na mnajua mji wetu ulivyochimbwa, mashimo kila upande, lakini siku nilipohitaji shimo langu hata moja halikujitokeza.

Na kabla hamjaanza kucheka niseme hivi: kosa halikuwa langu peke yangu. Waliopanga fainali ya dunia nzima siku ya Jumamosi mchana, saa zilezile ambazo watu wenye akili wanapokea mahari za watoto wao, hao hawaulizwi? Mbona hao hakuna anayewaita bibi-arusi?

Hasira yangu inaanzia kwenye mpira. Mi nauza matairi na vipuri vya pikipiki karibu na soko, na kila anayekuja kubadilisha tairi anakaa kwenye benchi langu na kuanza: mpira, mpira, mpira, nani kafunga, nani kauzwa, refa mwizi. Kwetu ukisema mchezo, watu wanasikia mpira tu. Mi nilikimbia nilipokuwa shuleni (mita mia nne, msicheke, sikuzaliwa na tumbo), na mpaka leo moyo wangu uko kwenye riadha, kwa sababu kule hakuna refa wa kulaumu wala mwenzako wa kumtupia lawama, ni wewe na mapafu yako. Basi wakianza mpira wao mi naanza mbio zangu. Nawaambia habari za yule dada wa kupokezana vijiti, aliyepokea kijiti akiwa wa mwisho kabisa, wenzake wameshaondoka, akawala mmoja mmoja kama karanga. Nawaambia habari za yule kijana wa kuruka juu aliyebakiza jaribio la mwisho, akakaa chini, akavua viatu, akavivaa tena taratibu uwanja mzima ukimngojea, halafu akainuka akaruka kimo ambacho hakukiruka hata mazoezini. Wananisikiliza kidogo, halafu mmoja anauliza, "Tata, na mechi ya kesho iko saa ngapi?" Jamani! Mtu unamwagia asali, yeye anauliza chumvi.

Mtu mmoja tu alinisikiliza, naye ni Mado, binti wa yaya Angele, dada yangu mkubwa. Tangu mdogo alikuwa anatoka shule anakuja dukani, anakaa juu ya matairi, miguu inaning'inia, anasema, "Kisha, mujomba? Kisha ikakuwa namna gani?" Nilimsimulia mbio zote za dunia, hata zile nilizozisahau nikazimalizia mwenyewe. Siku moja akaacha kusikiliza akaanza kukimbia. Leo anakimbia mita elfu moja na mia tano, jimbo limemchagua, asubuhi kabla ya jua kali anapita barabara ya malori na kikaptula chake, na mi nikimwona najisikia kama ni miguu yangu.

Sasa akaja Trésor. Kijana mzuri, karani kwenye kampuni moja ya shaba upande wa Tenke, anampenda Mado, hilo silikatai. Ubaya wa Trésor ni mama yake. Mama Trésor alikuja mara moja sebuleni kwa yaya Angele, akaona picha ya Mado ukutani na namba kifuani, akauliza kama hiyo picha itabaki huku au itaolewa pamoja na mtoto. Mnaelewa ni mama wa namna gani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chote. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba atapata suti yake, mama atapata vitenge vyake na mablanketi, lakini anayefunga neno ni mjomba. Wasemaji wa pande mbili wanaweza kupigana methali kutwa nzima, bado ni maneno, mpaka mjomba ainuke mahali alipokaa na kupiga makofi. Hasemi kitu. Anasimama, anapiga makofi, basi, mahari imepokelewa, hakuna hakimu wala askofu wa kuifungua. Baada ya hapo binti anaitwa, anaulizwa mbele ya watu kama vitu vipokelewe, naye anaangalia chini na kusema ndiyo. Hiyo ni heshima tu, mi katika maisha yangu sijawahi kusikia binti aliyesema kitu kingine.

Mado alikuja dukani siku moja kabla ya mahari. Hakukaa juu ya matairi, alibaki amesimama.

"Mujomba, Trésor ananiambiaka ndiyo, utakimbia, sisi tukiwa babili tu. Mbele ya mama yake anafungaka kinywa. Kesho nataka aseme mbele ya batu bote, kabla bitu bipokelewe. Kisha makofi yako, neno yangu haina tena nguvu."

"Najua," nikamwambia.

"Tata Kabwe, musemaji yetu, atabauliza. Weye usipige makofi mpaka Trésor aseme."

"Weye unaniona mi niko mutoto?" nikamjibu, nikachukia kabisa, nikamwambia kama kuna mtu duniani anayejua thamani ya mkimbiaji ni mi, aende nyumbani akalale usingizi wake.

Na kesho yake ndiyo ilikuwa fainali. Mita elfu tatu, wanawake, kuruka viunzi na maji. Mi na Mado tulikuwa tumeifuatilia tangu mchujo, kwa sababu kulikuwa na dada mmoja mwembamba kutoka kisiwa ambacho hata kwenye ramani ya shule hakikuandikwa, hana kocha wa maana, hana jina, lakini akifika kwenye maji anaruka kama mtu anayeruka mtaro wa nyumbani kwao, bila kufikiri. Nikajiambia: nitasikiliza tu. Sikio moja. Sikio moja ni la mahari, sikio moja ni la mbio, Mungu hakunipa mawili bure. Nikapitisha waya wa écouteur, ule wa kusikilizia, ndani ya mkono wa koti, nikautoa kwenye kola, nikafunika sikio kwa kofia, simu nikailaza mapajani na juu yake kitambaa cha jasho. Nani angejua?

Yaya Angele alijua kabla sijakaa vizuri.

"Fidèle, mu sikio muko nini?"

"Dawa, yaya. Sikio inauma tangu jana."

Akanihurumia! Akamwambia na tata Kabwe, msemaji wetu, aseme kwa sauti maana mjomba wa mtoto anaumwa sikio, kwa hiyo mzee wa watu siku nzima alikuwa anapiga kelele upande wangu kama anaita treni, na mi natikisa kichwa, nashukuru, ninyi niacheni tu.

Wakaja. Tulikuwa kwenye parcelle ya yaya, uani kwake, turubai limefungwa juu, wao upande ule, sisi upande huu, vitu katikati: chumvi, mablanketi, masufuria, na mbuzi mmoja mwenye dharau aliyekuwa anatafuna kona ya mkeka. Mado yuko ndani na mashangazi, nyuma ya pazia. Msemaji wao, tata Ilunga, mzee wa Tenke mwenye sauti ya redio, akazungusha maneno mpaka akachoka. Ndipo tata Kabwe akasimama.

"Bitu tumebiona, na batu tumebaona. Lakini kabla ya kupokea tunaomba neno moya. Mutoto yetu anakimbiaka. Mu nyumba yenu, ataendelea kukimbia?"

Mama Trésor hakungoja msemaji wake.

"Tulikuya kutafuta bibi, hatukukuya kutafuta mukimbiaji! Bibi ya mutu akimbie mu barabara na kikaputula, ba chauffeur ba camion banamuangalia? Haiko kintu ya bibi!"

"Basi bitu bitaikala pale biko," akasema tata Kabwe bila haraka, na hapo nilimpenda yule mzee. "Mwenye kuoa ni Trésor. Trésor aseme yeye mwenyewe."

Watu wote wakageuka. Na huku sikioni, Bwana wee, mtangazaji naye akapiga ukelele, kiatu! Kiatu chake kimebaki kwenye maji! Yule dada wa kisiwani alikuwa ametua vibaya, kiatu kimoja kimenaswa, amekiacha, amekuwa wa mwisho, anakimbia mguu mmoja una kiatu na mguu mmoja peku. Sasa niambieni, mngefanya nini? Niliinua kitambaa kidogo. Kidogo tu, kona.

Trésor akasimama, akarekebisha tai, akamwangalia mama yake, akaangalia pazia. Mbuzi akaacha kutafuna. Kijana alikuwa na jasho kwenye midomo, lakini niliona (kwa jicho moja, nakiri) kwamba safari hii atasema, kifua kilikuwa kimejaa.

"Mi, Trésor..." akaanza.

Na kule mguu peku umerudi! Amempita mmoja, amepita wawili, kiunzi cha mwisho ameruka safi, wamebaki kwenye unyoofu wa kumalizia, wa tatu, wa pili, wako sawasawa, bega kwa bega, akatupa kifua mbele, na mi sijui niliinuka saa ngapi, naapa kwa marehemu mama yangu sijui, niliona tu kofia yangu iko chini na mikono yangu inapiga makofi, pa! pa! pa! pa!, machozi yananitoka.

Neno la Trésor lilikuwa limeshafika kwenye meno. Likarudi tumboni.

Upande wa pili ulilipuka. Vigelegele! Wa kwanza alikuwa Mama Trésor, alipiga kigelegele kirefu ambacho bado nakisikia nikilala, na tata Ilunga akanikumbatia, na mwingine ameshaweka kamba ya mbuzi mkononi mwangu, "Asante, tata mujomba, asante, umetuheshimu!", na upande wetu wamekaa wote midomo wazi kama waliopigwa na radi.

"Mujomba," akasema tata Kabwe, na safari hii hakupaza sauti hata kidogo, "umefanya nini?"

"Ile makofi haikukuwa ya bitu!"

"Ilikuwa ya nani?"

Nikataka kueleza. Nikavuta simu niwaonyeshe, na kwa haraka ile waya ukachomoka, na mtangazaji akatoka hadharani na sauti yake yote, anapayuka Kifaransa kwenye parcelle nzima kwamba ni ajabu, ni ajabu, hajawahi kuona mwanamke wa namna hii! Na kwenye kioo ni yule dada amelala chini, amelowa, mapaja nje, kikaptula kifupi kuliko cha Mado. Nikatafuta pa kuizimia sipaoni, kidole kikabonyeza sauti ikazidi.

Yaya Angele akasogea, akaangalia simu, akaniangalia mi.

"Njo ile dawa ya sikio?"

Jamani, aibu ya kupigwa ni afadhali. Nikajaribu kusema makofi hayahesabiwi, ni ya kiatu, ni ya maji, ni ya bahati mbaya, na tata Ilunga anatikisa kichwa kwa upole wa mtu aliyeshinda: "Mikono imesema, tata. Kinywa itasema nini tena?" Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, ndilo nitakalomwuliza Mama Trésor siku ya kufa kwangu: yule mama alikuwa amekaa mbele yangu, uso kwa uso, aliuona waya! Aliuona tangu mwanzo! Alijua kabisa sikuwa pale, akanivizia, na mikono ilipokutana tu akafunga mlango kwa kigelegele. Huo ni ukwe au ni utekaji nyara?

Lakini desturi ni desturi. Wakamwita Mado.

Akatoka na mashangazi wawili, kitenge kipya, kilemba, mwendo wa taratibu, wa kibibi-arusi. Tata Kabwe alikuwa amezeeka kwa dakika hizo.

"Mado, mutoto yetu. Bitu bya batu njo bile. Mujomba wako alipiga makofi. Tubipokee?"

Hapo anatakiwa kuangalia chini. Hakuangalia chini. Aliniangalia mi, na mi bado nimeshika kamba ya mbuzi mkono huu na simu mkono huu. Halafu akasema, wazi, mpaka majirani juu ya ukuta wakasikia:

"Mi sikupiga makofi. Mujomba njo alipiga. Basi, bamuoe yeye."

Shangazi mmoja akatoa sauti puani, akajaribu kuigeuza kikohozi, ikamshinda, na hapo parcelle nzima ikaanguka. Walicheka wetu, walicheka wao, baba yake Trésor alicheka mpaka akavua miwani, majirani ukutani wakaanza kuimba ule wimbo wa kumsindikiza bibi-arusi wakitaja jina langu, Fidèle wee, usilie, twende kwa mume. Mama Trésor peke yake hakucheka. Alisema, "Tufunge bitu!", wakafunga, mablanketi, masufuria, chumvi, na mbuzi ikabidi nimrudishe mwenyewe, hataki, ananivuta, nami namvuta, watu wanaimba. Trésor alipanda gari wa mwisho, anageuka nyuma. Na habari ilifika sokoni kabla gari lao halijafika njia ya Tenke.

Yaya Angele hakunipa bukari, ugali wetu, siku ile, alinipa mgongo. Nilikaa peke yangu chini ya turubai, nimejaa hasira, na kampuni ya simu, na Mama Trésor, na saa za ulaya, na mikono yangu hii. Mado akatoka, ameshavua kilemba. Nikajua sasa ndiyo yanakuja, nikayangoja, maana nilistahili. Akasimama mbele yangu.

"Ule dada," akasema. "Alishinda?"

"Alishinda."

"Na kilato moya?"

"Na kilato moya. Kingine kilibaki mu mayi."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi ndani. Matusi yangeniuma kidogo kuliko hapo.

Trésor alikuja dukani baadaye, peke yake, eti kunisalimu, na mi nilimpokea na moto: nilimwambia mi nina kosa la mikono, lakini wewe ulikuwa na kinywa miezi yote hiyo kabla mikono yangu haijafanya kitu, kinywa ulikiweka wapi? Kaptula anayovaa Mado inakuogopesha kuliko malori? Alikaa kwenye benchi la watu wa mpira, akaangalia viatu vyake, halafu akasema, "Nitabaleta tena, mujomba," na akawaleta kweli. Mahari ilirudi, na mbuzi yuleyule, na safari hii kijana alisimama hata kabla ya kuulizwa, akasema mbele ya mama yake na mbele ya majirani waliojaa ukutani (walikuja kwa ajili yangu, najua): "Mado atakimbia. Mu nyumba yangu atakimbia, na mi njo nitamushikia saa." Mama Trésor aliangalia turubai muda wote kama anatafuta tundu.

Na mi mnajua nilikaaje? Langoni walininyang'anya simu kama askari. Halafu yaya Angele akaniletea kuku mzima, anapiga mabawa, akaniwekea mikononi. "Shika na mikono yote mbili. Ukiiachilia, utanijua." Nikakaa na kuku methali zote, hotuba zote, na wakati wa makofi ulipofika ilibidi mashangazi wawili waje kunipokonya kwa heshima, na kuku alikuwa ameshaniachia zawadi kwenye suti. Hapo napo walicheka. Kwetu kucheka hakuishi.

Juzi jimbo lilishindana Lubumbashi, nikaenda. Tulikaa jukwaani, mi na yaya Angele, na nyuma yetu Mama Trésor na mwavuli wake (alisema amekuja kumwona daktari wa macho, sawa). Mado alibaki nyuma mizunguko yote, nikaacha kupumua, halafu kwenye kona ya mwisho akafungua miguu akapita mmoja, akapita mwingine, akamaliza wa pili, na kwa hiyo amechukuliwa kwenda Kinshasa, kwenye mbio za nchi nzima. Uwanja ukapiga makofi. Mi mikono nilikuwa nimeikalia. Naapa, nilikuwa nimeikalia tangu mwanzo, imekufa ganzi, na hata alipomaliza niliogopa kuitoa, sijui tena ni lini inaruhusiwa.

Akaja mpaka kwenye uzio, anahema, mikono kiunoni, akanitafuta kwa macho.

"Mujomba! Ule wa kilato moya ulimupigia makofi mpaka ukaharibu mahari yangu. Mi bilato yangu yote mbili iko mu miguu. Ya mi iko wapi?"

Nikaitoa mikono chini ya mapaja, nikasimama, nikapiga mpaka viganja vikawaka. Na nyuma yangu kikatoka kigelegele kirefu, kilekile, ningekitambua hata kaburini. Sikugeuka. Nilimwacha apige.

Simu sasa inabaki dukani kila siku ya sherehe, na fainali nasimuliwa kesho yake kama watu wengine. Vijana wa taxi-moto waendelee kuita bibi-arusi, koo ni zao.